Naomba ushauri: tunataka kujua ushuru wa soko letu unatumikaje

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nauza mbogamboga sokoni hapa Tanga mjini. Mkusanyaji anapita na mashine, tunalipa, risiti tunapewa. Kulipa hatukatai. Ila mtaro wa nyuma ya meza zetu umeziba, na masika maji yanaingia mpaka kwenye magunia.

Sasa tumegawanyika. Vijana wanataka tugome kulipa hadi uzibuliwe. Mimi nakataa kabisa: ushuru upo kisheria, na atakayenyang'anywa meza ni mgomaji, si aliyeuacha mtaro uzibe. Wazee wanasema tumsubiri diwani. Tumesubiri vya kutosha.

Nijuavyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Najua pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kuna kina mama inawainua kweli. Ninachouliza ni hizo 90 zilizobaki: kwenye soko hili zimerudi ngapi?

Naomba mnisaidie. Barua iende moja kwa moja kwa mkurugenzi, au ianzie kwa mtendaji wa kata? Tuiandike kama umoja wa wafanyabiashara, au kila mtu atie saini yake? Nawahofia wenye meza ndogo, wasije wakasumbuliwa. Aliyewahi kuomba hesabu za namna hii akajibiwa, tafadhali anieleze aliandikaje.