Tupeane uzoefu: ulivyowafundisha watoto kukusanya takwimu na kuchora grafu

Mwalimu_Amu: Walimu wenzangu, salaam. Nafundisha Gredi ya 4 hapa Lamu. Juzi niliwakalisha watoto barazani, makundi matatu, wahesabu punda wanaopita kwa nusu saa. Njia ni hiyo hiyo moja. Tunarudi darasani: kundi la kwanza 41, la pili 26, la tatu 19! Nikajua kuna waliokuwa wakicheza. Kumbe la kwanza walihesabu kila apitaye, hata yule wa mchanga aliyekwenda na kurudi mara nne. La pili wakimjua punda kwa sura, akirudi hawamwandiki. La tatu walihesabu wenye mzigo tu, "wale wengine wanazurura, mwalimu." Kosa langu, sikuwaambia tunahesabu nini. Kengele ikatukuta tunabishana. Leteni yenu.

Binti_Malindi: Huku kwetu tulihesabu tuktuk. Vijiti vya kuhesabia waliviweza upesi: vinne wima, cha tano kinavikata. Shida ikaja kwenye grafu ya picha, picha moja ni tuktuk 10. Zilipita 35. Nikasema chora tatu na nusu. Mmoja akauliza, "Nusu ya mbele au ya nyuma? Maana dereva yuko mbele." Nilicheka mpaka nikakaa.

Kaskazini: Mimi niko Shela. Tulisimamisha mti wenye alama za sentimita majini, watoto wakasoma kina kila siku saa nne asubuhi, wiki mbili. Ijumaa ya kwanza mtoto wa mvuvi akaniambia babu yake anauliza tunapima nini, maana bamvua, siku za maji makubwa, saa nne maji yamekupwa, kila mtu anajua. Nikamwambia mwulize babu maji mafu je, zile siku maji yanapopanda na kushuka kidogo tu. Akaja na jibu: saa hiyo yamejaa. Basi mstari wa grafu ulipoanza kupanda wiki ya pili, tukiingia maji mafu, darasa zima walikuwa wakimtazama yeye, si mimi.

Ila Jumamosi na Jumapili hatukupima, na daftari moja lina namba za siku hizo. "Ulikwenda?" "La, nimekisia." Kisio lenyewe lilikuwa zuri! Sikulifuta. Nilimwambia siku hizo aweke duara tupu, penye kipimo aweke nukta.

Mama_Kaimati: Changu kifupi. Chakula mnachopenda: mahamri 11, viazi karai 9. Kijana mmoja akaanza mhimili wa namba wa grafu yake kwenye 8, nguzo ya mahamri ikawa mara tatu ya viazi. Wapenda viazi walikasirika kweli kweli, wakadai kura imeibwa. Nikawapa wao wairudie kuanzia sifuri.

Mwalimu_Amu: @Mama_Kaimati, hiyo naiiba kesho. @Kaskazini, mti mliufungia wapi? Wetu ulichukuliwa na mkondo siku ya pili.

Kaskazini: Kwenye nguzo ya gati, kamba mbili, juu na chini. Na mwombe nahodha ruhusa kwanza, sheikh, mimi nilifokewa.