Nge-siki amejifukia: je, nimfukue?

Swali: Nge-siki wangu (vinegaroon, mnyama mdogo wa jamii ya buibui anayefanana na nge na kurusha asidi yenye harufu ya siki) ameziba mlango wa shimo lake kwa wiki kadhaa sasa. Je, nimfukue, na udongo wa sentimita 8 unamtosha?

Jibu la 1: Usimfukue, kwani huenda anajiandaa kujivua gamba, kazi inayoweza kumweka chini kwa miezi. Ondoa nyenje wote walio hai uliomwekea kama chakula, maana wanaweza kumtafuna angali laini.

Jibu la 2: Naafiki, ila udongo huo ni mchache mno. Akishatoka na gamba lake jipya kukakamaa, uongeze ufike sentimita 15 au zaidi, wenye unyevu bila kutota. Hana sumu, lakini asidi anayoirusha huunguza macho, kwa hiyo usimwinamie.

Muulizaji: Nyenje nimewatoa. Sahani ya maji ibaki?

Jibu la 2: Ibaki, mradi iwe ya kina kifupi.