MREJESHO: Ile dokumentari yetu ya wanafunzi kuhusu mitandao ya kijamii (Mwanza)

Habari wakuu, mtakumbuka niliuliza tufanyeje, tuna dokumentari ya dakika 22 kuhusu vijana na simu, tumeiweka YouTube wiki nzima watazamaji 41, na nusu ni sisi wenyewe.

Aisee mlituokoa. Kwanza yule aliyesema sauti ndo tatizo alikuwa sahihi kabisa, yale mahojiano ya Kamanga karibu na kivuko upepo wa ziwa ulikula kila kitu, tukarudia ndani ya chumba, madirisha yamefungwa, maiki tumeibana kwenye kola ya shati, saa hii hata pumzi unaisikia.

Halafu tukakata vipande vya sekunde 40, simu wima, maandishi chini maana wengi wanaangalia bila sauti kwenye daladala. Kilichobamba sio kile tulichotegemea! Ni yule mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba anayeuza kwa stetasi ya WhatsApp, anasema picha ikipigwa jua kali dagaa wanaonekana wa juzi. Tulitaka kumtoa jamani, eti hayuko "serious".

Yeye tulimuonyesha kabla ya kupandisha, akaomba tufiche namba yake, tukaificha.

Jumamosi tuliazima projekta tukaonyesha mtaani Igoma, umeme ukakatika dakika ya 15, watu wakabaki gizani wanabishana kuhusu watoto wao na TikTok, tukarekodi na hiyo. YouTube sasa 1,300 na kitu.

Bado nahangaika na muziki wa kuweka bila kupigwa hakimiliki, mwenye ujuzi anisaidie.