MJADALA: Ukifika London usimame kimya pale Cenotaph, au tudai kwanza majina ya wapagazi wetu?

#1

Wadau heshima kwenu. Nalileta hapa kwa sababu kwenye grupu la ukoo limeshaharibika, mjomba kaandika maneno makali akajitoa, shangazi anatuma voisi noti za kulia, na chanzo chenyewe ni karatasi ya shule ya mtoto.

Iko hivi. Niko London mwaka wa tisa sasa. Mtoto wangu yuko darasa la tano, mwezi wa kumi na moja walimu wakawagawia karatasi yenye picha ya lile ua jekundu wanalovaa huku, unatakiwa uandike jina la ndugu yako aliyekuwemo kwenye Vita Kuu ya Kwanza, kikosi chake na alipofia, halafu mzazi kama una nafasi umpeleke Cenotaph siku ya ukumbusho. Nikamwambia sisi hatuna. Baadae usiku nikakumbuka tunaye. Bibi mzaa baba alikuwa anamtaja baba yake mkubwa, kule Ugogo, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi, na kwa vile hakurudi hakukuwa na matanga ya maana, watu walisubiri subiri mpaka wakaacha kusubiri.

Basi Jumapili tukaenda. Kwa ambao hamjafika, Cenotaph ni mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, wa jiwe jeupe la Portland, uko katikati kabisa ya barabara ya Whitehall, kama mita 11 kwenda juu, mimi nilikuwa naupita na basi siku zote nikidhani ni urembo wa mji. Mchoraji wake ni Edwin Lutyens. Wa kwanza ulikuwa wa mbao na plasta, waliusimamisha Julai 1919 kwa ajili ya gwaride la amani tu halafu ubomolewe, lakini waliofiwa wakaanza kuweka maua pale, wengi sana, serikali ikaona hapabomoleki tena pale, ukajengwa wa jiwe ukazinduliwa tarehe 11 Novemba 1920. Jina ni la Kigiriki, maana yake kaburi tupu. Hakuna msalaba, hakuna jina la mtu, kuna bendera ubavuni na maneno ya kuwasifu wafu watukufu, basi.

Saa tano kamili asubuhi unapigwa mzinga, watu wote kimya dakika mbili. Nisiwadanganye, mwili ulisisimka. Lakini katikati ya kile kimya nikawa nawaza kitu cha ajabu, kwamba kimya hiki ni cha tarehe 11 Novemba 1918 bunduki ziliponyamaza Ulaya, na kwetu siku hiyo watu walikuwa bado wana mizigo kichwani, maana Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani kule kwetu, alijisalimisha Abercorn, siku hizi Mbala Zambia, tarehe 25. Wiki mbili nzima! Sasa mimi pale nimeinamisha kichwa kwa ajili ya nani?

Mjomba anasema nimetudhalilisha, kwenda kumwinamia mkoloni. Nyie mnasemaje?

#2

Mkuu mjomba wako yuko sahihi kabisa. Ile haikuwa vita yetu. Watu walikamatwa majumbani wakafungwa kamba, wakalishwa posho ya unga mbovu mpaka matumbo yakaharibika, leo mjukuu unavaa ua kifuani unapiga picha. Na hayo majina mnayoyalilia yatamfaa nini marehemu? Kama Mwingereza anasikia aibu ajenge zahanati kule kule Ugogo, watu watatibiwa. Jiwe halitibu mtu.

#3

Mimi niko Nairobi na naona mnaongea kama hii kitu iko mbali. Hapa Kariokor ukiuliza vijana watakwambia ni soko ya vyondo na nyama choma, hawajui hilo jina ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, imekaa mdomoni mwa watu mpaka ikageuka, na nyinyi Dar mko na Kariakoo yenu ni hiyo hiyo, walikuwa wanakusanywa hapo. Mtaa mzima umeitwa jina la wapagazi na hakuna mpagazi hata mmoja tunamjua jina. Upande wa Waingereza pekee walikaribia milioni moja, waliokufa inasemekana karibu laki moja, na sio risasi, ni kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, njaa. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti wenyewe, si mimi nimesema, kwamba waliokufa si chini ya 116,000 na pengine hadi 350,000 hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wao wa ulinzi akasimama bungeni akaomba msamaha. Kwa hivyo hata wao wanajua.

#4

Samahani wakubwa lakini mbona mnalaumu mnara bure? Mleta mada mwenyewe kasema Cenotaph haina jina la mtu yeyote. Si Mwingereza, si Mhindi, si Mgogo. Wote sawa. Hapo ubaguzi uko wapi? Tukiendelea hivi tutadai na jua lituombe radhi.

#5 (mleta mada)

Namba 4 umenichekesha ila hoja yako ni nzito, hata mimi ilinisumbua kwenye treni wakati wa kurudi. Lakini ngoja. Cenotaph haina majina kwa sababu majina yako kwingine kote. Nenda kijiji chochote Uingereza, hata cha nyumba arobaini, karibu na kanisa utakuta msalaba wa mawe na orodha, akina Smith watatu wa mama mmoja, unajua kabisa ni ndugu. Nenda Ypres Ubelgiji pale lango la Menin, majina zaidi ya 54,000 ya watu ambao hata mwili haukupatikana, wamechongwa mmoja mmoja. Hiyo Tume ilipoanzishwa 1917 msingi wake ulikuwa kila aliyekufa aandikwe jina, bila kujali cheo wala rangi. Kwa hiyo Mwingereza akisimama mbele ya kaburi tupu anajua jina la mtu wake liko wapi. Mimi nikisimama pale, kaburi ni tupu na orodha pia ni tupu.

Na sio kwamba majina yalisahaulika kwa bahati mbaya. Mwaka 1923 gavana wa Gold Coast, ndio Ghana ya leo, Guggisberg, alisema mwenyeji wa kawaida wa kule hataelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Huku kwetu wakaamua mambo yale yale, wazungu wapewe makaburi na majina, askari weusi na wapagazi wapewe sanamu ya jumla. Ndio ile ya Askari pale barabara ya Samora, Dar, mwaka 1927, na ile ya watu watatu Nairobi. Sasa cheka na hili: pale Dar chini ya sanamu pameandikwa, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na za Kilatini na kwa Kiingereza, kwamba ukipigania nchi yako hata ukafa watoto wako watalikumbuka jina lako. Na jina hata moja halipo! Nimepita pale maisha yangu yote ya ujana nikienda Posta, sijawahi kusimama nikasoma. Kwa hiyo lawama nyingine ni yangu.

Namba 2, zahanati tunazihitaji sijabisha. Ila kwani ni lazima tuchague? Wewe ukifiwa leo ukaambiwa chukua saruji mifuko mia ila jina la baba yako lifutwe, utasaini?

#6

Mimi naona mnakwepa swali kubwa. Huyo babu alichukuliwa na nani? Maana Wajerumani nao walichukua wapagazi, tena wengi na kwa ukatili, na walipora chakula mpaka ikaja ile njaa ya Mtunya, wazee wa Dodoma wanaijua. Hiyo Tume ya London kazi yake ni waliokuwa upande wa Mwingereza. Kama babu alibebea Mjerumani, hapo Cenotaph ulimlilia kwenye msiba wa adui yake, na ripoti nzima ya 2021 haimhusu.

#7 (mleta mada)

Namba 6 umegusa penyewe, na ndio ugomvi wa grupuni. Mjomba anashikilia ni Mjerumani. Shangazi anasema ni Mwingereza. Bibi yeye alikuwa anasema "wazungu" tu, kwake walikuwa wamoja. Nimejaribu kupiga hesabu, Waingereza waliingia Dodoma Julai 1916, kwa hiyo akichukuliwa kabla ya hapo ni Mjerumani, baada ya hapo ni Mwingereza, na bibi alikuwa anasema "kabla Mtunya haijashika", sasa Mtunya imeshika lini kwenye kijiji chao mimi nitajuaje, pande zote mbili zilikuwa zinazoa nafaka na ng'ombe. Na wapo waliobebea wa kwanza, akakimbia au akakamatwa, wa pili naye akamtwika.

Ndio maana msimamo wangu umebadilika tangu nifungue huu uzi. Nilianza nikiuliza niiname au nisiiname. Sasa naona kuinama ni shauri la shingo yangu. Ninachotaka ni orodha, na isigawanywe kwa bendera ya aliyekutwika mzigo. London watoe walichonacho, Berlin watoe, Dar na Nairobi nao wafungue makabati yao.

#8

Niko Cape Town kwa kazi, niongeze kitu kimoja wanaosema haiwezekani. Januari 2025 hapa kwenye bustani ya Company's Garden hiyo hiyo Tume imezindua ukumbusho wa watu weusi wa vikosi vya kazi waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya 1,700, walikuwa hawajawahi kuandikwa popote. Hawakuchonga jiwe, kila mtu ana nguzo yake ya mbao, jina na tarehe aliyokufa, na mbao zenyewe ni mvule wetu huu huu. Unatembea katikati yao kama shamba la mihogo. Imechukua miaka mia na kitu, lakini majina yalikuwepo kwenye makaratasi muda wote.

#9

Halafu hao 1,700 ni wa kusini. Wa kwetu laki. Watapata wapi mvule wa kutosha?

#10 (mleta mada)

Namba 9 daah.

Mrejesho kwa walioniuliza inbox. Mjomba amerudi grupuni, hajaomba samahani ila ametuma jina kamili la babu, la baba yake na la mlima waliokuwa wanaishi chini yake, kumbe alikuwa nalo siku zote kwenye daftari la matambiko. Silitaji hapa. Mtoto ameliandika kwa kalamu nyekundu, likaanza kubanana mwishoni kwa sababu ule mstari walioweka shule ni mfupi, wa majina ya Kiingereza. Kwenye kikosi ameacha wazi. Kwenye mahali alipofia aliniuliza mara mbili, mwisho kaandika "njiani". Jumatatu karatasi imerudishwa shule.