Ukoo wa Mkomani, Lamu: safari ya Nuru

JUMATATU

20:11 Shangazi Zena: Asalaam alaykum jamaa wote. Naandika mara ya tatu sasa, za kwanza mumesoma naona tiki za buluu. Nuru ana intavyu ya viza Nairobi, ubalozi wa Ujerumani, Jumanne ijayo saa tatu asubuhi, na kesho kutwa ndio mwisho wa kuwajibu watu wa ule mpango wa kujitolea shuleni Ujerumani kama anakwenda au haendi. Nataka vitu vitatu tu: mtu wa kumpeleka Nairobi, mchango wa nauli na koti, na neno la Bibi

20:12 Shangazi Zena: Mimi nishatoa 5000

20:40 Lali: koti la nini na blanketi ya Ami Shee ya kuvulia usiku ipo 😂

20:41 Biasha: 😂😂 inanuka ngisi ile, watamrudisha uwanja wa ndege

20:43 Shangazi Zena: Lali nitakuja hapo kwenu sasa hivi

21:05 Ami Shee: Waalaykum salaam. Kazi yenyewe inalipwa au hailipwi? Mtoto amepata nafasi Pwani University halafu aende kufuta watoto wa watu makamasi?

21:14 Nuru: Shikamoo Ami. Chuo siachi, nimewaandikia barua ya kuahirisha mwaka mmoja. Mshahara hakuna ni kujitolea, miezi 12, ila nyumba, chakula, bima ya matibabu na pesa kidogo za matumizi wanatoa wao na tikiti ya ndege pia. Ni shule huko Bremen. Sipewi darasa peke yangu, sheria yao hairuhusu mtu wa kujitolea kuchukua nafasi ya mwalimu, nakaa na mwalimu, nasaidia wale waliobaki nyuma, chakula cha mchana, homuwaki za jioni. Na siku 25 za mwaka ni semina za sisi wenyewe

21:19 Nuru: Na Ami mimi sijataka kwenda kwa ajili ya kutembea. Tangu Januari niko na mwalimu wa darasa la pili pale Wiyoni namsaidia, watoto 60 na zaidi, wanakuja wanasema Kiamu, kitabu Kiingereza, mtoto anakaa kimya miezi watu wanasema mjinga kumbe haelewi tu anachoulizwa. Huko kuna watoto wa Syria na Ukraine wanaingia shule hawajui neno la Kijerumani. Nataka kuona kwa macho yangu wanawaanzaje

21:20 Biasha: mashallah 😭

21:31 Mamu wa Langoni: Chakula chao nguruwe jamani

21:33 Nuru: Niliuliza Mamu, kuna sahani isiyo na nyama kila siku, na watoto wengi wa shule ile ni Waislamu, Waturuki na Wasyria

21:34 Shangazi Zena: Na ushungi?

21:38 Nuru: Sheria inatofautiana jimbo kwa jimbo. Mahakama yao ya katiba 2015 ilisema walimu hawawezi kukatazwa jumla jumla. Shule nimeiuliza kwa maandishi, sijajibiwa

22:02 Mjomba Athman: Na Swabra pia mulimwambia kila kitu kimelipwa.

22:03 Shangazi Zena: Athman si hapa

22:04 Mjomba Athman: Hapa ndipo. Mpaka leo naazima boti za watu. Ile mashine ya boti iliuzwa siku moja kwa ajili yake na waliosema watarudisha wote wamo humu

22:06 Ami Shee: Tuliuza kwa kukubaliana

22:06 Mjomba Athman: Tuliuza? Ilikuwa ya nani?

22:07 Lali: Ujumbe huu umefutwa

22:09 Biasha: Lali afadhali umefuta

23:52 Swabra: Nimetoka kazini nimesoma yote. Nuru sikiliza. Mimi pasi niliitoa mkononi siku ya kwanza, wakala akaniambia ni utaratibu nikaamini, na mkataba ulikuwa wa lugha nisiyoijua. Wewe pasi usimpe mtu, si mwenyeji si mkubwa wa shule. Mkataba upige picha kila karasa ulete humu, tuone jina la shule, masaa ya kazi, na namba ya mtu wa kumpigia ukiona mambo siyo. Wakikwambia uchangie pesa ndio upate nafasi, rudi nyumbani. Ukiyaona hayo yako sawa nenda mdogo wangu, nenda wallahi

23:55 Swabra: Baba tafadhali usimfungie njia kwa ajili yangu

JUMANNE

06:10 Nuru: Dada Swabra mkataba huu hapa karasa 4, nimeutafsiri kwa Kiswahili chini yake. Pesa hawajaniomba hata senti

06:15 Shangazi Zena: Mchango mpaka sasa: mimi 5000, Biasha 1000, Swabra 3000. Watu 31 kwenye kikundi jamani!!

13:20 Mamu wa Langoni: Aliyechukua sufuria langu kubwa la arusi alirudishe

13:21 Shangazi Zena: MAMU

17:48 Maryamu: Niko na Bibi, nimemsomea yote. Asema niandike vile vile anavyosema

17:55 Maryamu: "Habib Swaleh hakuzawa Amu. Alikuya kijana kutoka Ngazija, akasomesha waana wa watu mpaka msikiti wa Riyadha ukasimama, na yeo watu watoka nti za mbali kuya kusoma hapa. Kusomesha mwana wa mtu si makamasi, Shee. Lakini mwana hatoki nyumba ikiwa na maneno. Shee na Athman muye kwangu nyote wawili Ijumaa baada ya swala, hiyo mashine iishe mbele yangu. Kisha nitatoa neno langu."

18:30 Shangazi Zena: Maryamu mwambie Bibi mwisho wa kujibu ni kesho, Ijumaa si itakuwa tumechelewa

18:34 Maryamu: Nimemwambia. Amesema Ijumaa

18:36 Maryamu: Sasa yuko kwa tasbihi

19:02 Nuru: Nimewaandikia imeili kuomba mpaka Jumamosi. Hawajajibu

20:15 Mjomba Athman: Nimetuma 2000. Ijumaa nitakuja. Mwengine sijui

20:40 Shangazi Zena: Shee?

21:10 Shangazi Zena: Shee umesoma

21:12 Shangazi Zena: Haya. Basi la Mokowe asubuhi Jumapili, walale Mombasa, Jumatatu treni. Nakata tikiti moja au mbili? Lali wewe huna kazi wiki ijayo

21:15 Lali: shangazi mimi Nairobi nitapotea kabla ya Nuru

22:48 Mama Nuru: Kata mbili. Akikosekana mtu nitakwenda mimi, ila hawa wadogo sijui nitamwachia nani