Mnaojibu "geuza stringi tu", mabango 40 yameharibika nani alipa?

Yaani nyie mafundi wa humu, kila mtu akiuliza Kiarabu jibu ni lilo hilo, geuza stringi, yaani yale maandishi yalivyo ndani ya programu, mwisho uwe mwanzo. Mimi niko Lamu, Langoni, naprinti mabango, na huu ni Mfungo Sita kila mtu ataka bango la maulidi kwa herufi za Kiarabu. Programu yangu nimeiandika kwa lugha ya Java, na laibrari ya PDF (msimbo uliotayarishwa wa kutengeneza faili la PDF) ikanitolea maandishi kinyumenyume, herufi ya mwanzo iko kushoto. Nikauliza, nikaambiwa nigeuze.

Haya nigeuze na nini?? String ya Java yenyewe haina reverse(), amri ya kugeuza! Mmoja akanipa lupu, waanza mwisho warudi nyuma waunga herufi moja moja kwa +=, hakusema kwamba stringi ya Java ikishaundwa haibadiliki kwa hivyo kila mzunguko inazaliwa mpya na ile ya kwanza inanakiliwa yote. Kwa jina la mtu si neno, jaribu faili zima uone. StringBuilder, chombo cha Java cha kuundia stringi, niliiona mwenyewe, reverse() imo tangu Java 5 ya 2004, mstari mmoja tu, nikafurahi kama mjinga.

Nikaprinti. Loo! Irabu kwenye kompyuta ni herufi yake pekee inayofuata konsonanti, sasa ukigeuza inatangulia, fataha (irabu ya a) ya mimu ikarukia herufi ya jirani, hakuna neno linalosomeka. (Na ile emoji ya bendera ya Kenya ni K na E, ikawa EK, nchi gani hiyo?) Mbaya zaidi namba ya simu, ilianza na 07 ikaishia na 70. Mzee wa kamati kasimama mlangoni kalishika bango, "Mwanangu, hii namba ni ya wapi?" Nshindwe pa kujificha.

Na stringi yangu haikuwa na kosa lolote wallahi! Kwenye memori herufi ya kwanza ndo ya kwanza, iwe Kiarabu iwe Kizungu, kulia kwenda kushoto ni kazi ya programu inayozichora, na tarakimu haziguswi. Java ina Bidi, chombo cha kupanga maandishi ya kulia na ya kushoto, ndani ya java.text miaka yote hii, mbona hakuna hata mmoja aliyeitaja? Mlikuwa mwakimbilia kujibu wa kwanza.

Aliyesema "kwangu yafanya kazi" aweke hapa bango lake lenye irabu na namba ya simu. Na mwenye kuijua laibrari ya PDF inayopanga Kiarabu yenyewe aniambie sasa hivi, mzee arudi baada ya alasiri.