Shangani, Mikindani, Msangamkuu au Msimbati: wapi panafaa kutembea na watoto wadogo?

Mgeni wa Ligula
Habari za jioni, ndugu zangu. Tumehamia Mtwara mjini mwezi uliopita kutoka Dodoma, na Jumamosi ijayo mdogo wangu atakuja na familia yake kututembelea. Tungependa kuwatembeza watoto kwa miguu kando ya bahari, taratibu, mahali ambapo hata mtu asiyeizoea pwani atakwenda na kurudi salama. Nimetajiwa Shangani, Mikindani, Msangamkuu na Msimbati, na kila anayenishauri anapasifu kwao. Naomba mnisaidie kulinganisha, kwa kuwa muda wetu unatosha mahali pamoja tu, au pawili kwa kujikaza.

Mama Pacha
Karibu sana Mtwara, ndugu yetu. Hata hivyo hujatuambia watoto ni wangapi, wana umri gani, wala kama mna gari au mtategemea bajaji. Mtoto wa miaka minane na mtoto wa kubebwa kwa mbeleko hawawezi kupangiwa njia moja.

Nahodha Mstaafu
Nami naongeza swali: Jumamosi hiyo mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi tangu uandame? Katika pwani hii bahari ndiyo inayopanga ratiba. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, na asubuhi ile ile unakuta bahari imejaa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo mtu aliyekwambia kwamba alitembea Shangani wiki iliyopita bila taabu hajakwambia lolote kuhusu Jumamosi yako.

Mwana Mikindani
Kwa maoni yangu hakuna mahali panapolingana na Mikindani. Ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini kwa barabara ya lami, na hata bahari ikijaa bado mna pa kutembea, kwa sababu njia zenu ni vichochoro baina ya nyumba kongwe za mawe ya matumbawe zenye milango ya nakshi. Mtaliona boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, mtapita chini ya mibuyu, na mtoto akichoka mnakaa kivulini. Ni mji ambao David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya kwenda bara mwaka 1866.

Mama Pacha
Mikindani naipenda pia, lakini tusimfiche mgeni kwamba barabara kuu ya kwenda Lindi inapita pale pale kando ya ghuba, na magari hayapunguzi mwendo kwa ajili ya mtoto aliyeona ngalawa ng'ambo ya barabara. Mtoto wa miaka minne ashikwe mkono tangu anaposhuka kwenye bajaji mpaka mtakapoingia vichochoroni. Tena ufuo wa pale ni wa matope na vyombo vya wavuvi, hivyo watoto waliotarajia kuchezea mchanga watasikitika.

Baba wa Watatu
Mimi nitazungumzia Shangani, kwa kuwa yaliyotupata siwezi kuyasahau. Ilikuwa siku ya bamvu, na sisi tulikuwa wageni wa bahari kama ndugu yetu huyu. Tulifika saa sita mchana, tukakuta maji yameondoka mbali sana na mwamba umebaki wazi, umejaa vidimbwi vyenye samaki wadogo na kaa. Watoto walifurahi mno. Tukawa tunasogea kidimbwi kimoja baada ya kingine, tukiwafuata akina mama waliokuwa wakiokota chaza. Baadaye nikaona wale akina mama wanainua ndoo zao na kurudi nchi kavu, mmoja baada ya mwingine, nami nikadhani wamekwisha kupata kitoweo cha kutosha. Mmoja alituita, lakini upepo ulikuwa mkali na hatukumwelewa. Maji hayakutujia kutoka mbele, upande wa bahari kuu, ambako nilikuwa nikitazama. Yalijaa kwanza katika bonde lililokuwa nyuma yetu, tulilolivuka likiwa na maji ya kufunika vidole tu. Tulipogeuka yalikuwa yamefika magotini mwangu, na mwanangu wa pili alikuwa na miaka mitatu. Nilimweka mabegani, mke wangu akambeba mtoto mchanga, na mkubwa wetu akavushwa na kijana mvuvi aliyekuja mbio bila kuitwa. Tulitoka salama, ila mkubwa alikatwa unyayo na matumbawe, na jeraha lile lilichukua wiki kadhaa kupona. Tangu siku ile sitoki ufukweni kabla ya kumuuliza mwenyeji maji yanarudi saa ngapi.

Nahodha Mstaafu
Pole sana, ndugu. Ulichokiona ndivyo bahari inavyojaa. Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, lakini maji hayapandi kwa kasi moja: saa ya kwanza ni kidogo, ya pili yanaongezeka, na katika saa ya tatu na ya nne pekee hupanda karibu nusu ya kimo chote. Mtu huangalia saa ya kwanza akajidanganya kwamba bado kuna nafasi. Wale akina mama hawahitaji saa ya mkononi, kwa hiyo wakigeuka, nanyi geukeni.

Mwalimu wa Historia
Ningependa kumrudia Mwana Mikindani. Umetaja boma na Livingstone, lakini hukutaja kwamba Mikindani palikuwa na soko la watumwa. Nimewapeleka wanafunzi wa msingi pale mara nyingi, nami naamini hata mtoto mdogo anastahili kuambiwa ukweli.

Mwana Mikindani
Sikulificha, mwalimu wangu. Nilifikiria watoto wa miaka mitatu na minne, ambao usiku watauliza kama hao wauza watumwa watarudi. Mwenye miaka minane na aambiwe na mzazi wake, polepole, tena na yule anayejua kujibu maswali yatakayofuata.

Mtu wa Lindi
Mbona Lindi hamtuhesabu? Ghuba yetu imetulia, na kuvuka kwenda Kitunda peke yake ni matembezi tosha kwa mtoto.

Mama Pacha
Ni zaidi ya kilomita 100 kwenda, na mtoto wa mbeleko atafika amechoka kabla ya matembezi kuanza.

Mgeni wa Ligula
Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kuacha mambo ya msingi. Watoto ni wanne, wa miaka miwili, minne, mitano na minane. Hatuna gari. Nimehesabu, na Jumamosi itakuwa siku ya 17 tangu mwezi uandame.

Nahodha Mstaafu
Basi maji yatapwa kabisa karibu na saa sita mchana. Mkianza saa mbili na nusu asubuhi mtatembea bahari ikiondoka, na ikifika saa tano jua lenyewe litawafukuza. Msimbati iondoeni. Ni pazuri, na pako ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, lakini njia yake ina mchanga unaohitaji gari lenye nguvu. Mimi ningekwenda Msangamkuu: mnavuka kwa kivuko, mnakuta mchanga na minazi, na watoto wanakimbia bila kuogopa gari.

Mwana Mikindani
Na mvua ikinyesha, Nahodha, mtajikinga wapi Msangamkuu na watoto wanne?

Mama Pacha
Popote muendako, wavalisheni yeboyebo zenye mkanda wa kisigino, kwa maana kandambili hubaki matopeni na miguu mitupu hukatwa na mwamba. Bebeni maji zaidi ya mnavyodhani, na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, ili wageni wa Dodoma waonje cha kwetu.

Mgeni wa Ligula
Mke wangu anapendelea Mikindani, na mdogo wangu anataka mchanga. Alhamisi nitakwenda kivukoni kuulizia safari ya kwanza ya asubuhi, ndipo tuzungumze tena nyumbani.

Baba wa Watatu
Ukifika kivukoni, uliza pia kama wana majaketi okozi ya saizi ya mtoto wa miaka miwili. Yale ya watu wazima humvuka kichwani.